Viangazi Vitatu Nilivyoviruka

Mwezi uliopita tulimzika Mhandisi Kilonzo nyumbani kwake Kivaa, na katika mazishi hayo nikasifiwa kwa kazi ambayo kwa zaidi ya miaka ishirini imeninyima raha. Mwendesha shughuli, mwanamume mwenye sauti ya mnada wa ng'ombe, alikuwa amefika mahali pa kutaja watu waliofanya kazi na marehemu. "Kuna msichana mmoja hapa," akasema, "sasa ni mama mkubwa, lakini hiyo wakati alikuwa msichana. Alituletea sinema ya maji kabla stima ifike huku. Tukaona maji na macho yetu, tukajenga. Mutheu, hebu simama usalimie watu." Nikasimama. Nikasema Bwana asifiwe, wakaitikia. Nikasema nilifanya kazi na marehemu nikiwa kijana, Mungu aifariji familia, nikaketi. Wakapiga makofi. Mama aliyekaa kando yangu akanibana mkono na kuninong'oneza, "Wewe ndio ulituonyesha hiyo maji kabla ikuje." Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, maikrofoni ilikuwa mkononi mwangu, na watu walikuwa wametulia kabisa kunisikiliza. Sikusema. Nilirudi Machakos chakula kikanishinda, na tangu siku hiyo naamka na maneno mdomoni. Haya ndiyo maneno yenyewe.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma ya kompyuta, na shirika dogo la kujenga mabwawa ya mchanga likaniajiri kwa sababu kati ya walioomba kazi ni mimi peke yangu niliyejua kuandika programu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani mjini Machakos, juu ya duka la magodoro la mzee mmoja Msomali. Saa nne asubuhi harufu ya chai yake ya iliki ilipanda ngazi mpaka kwetu, na Kilonzo alisema, "Huyu mzee anatutesa," kisha akashuka na vikombe viwili. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati la chuma lisilofungika, ramani ya mito iliyobanduka pembe moja, na kompyuta ya mezani yenye feni ya kelele kiasi kwamba tulipokea simu tukiwa nje kwenye ngazi. Mchana tulikula muthokoi wa mke wake Kilonzo, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Yeye alikula kwenye kifuniko cha hotipoti, mimi nikala kwenye hotipoti yenyewe, kwa kuwa alishikilia kwamba mgeni hapewi kifuniko. Nilikuwa mgeni wake mwaka mzima. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka ya kazi na uvivu wa maneno, na nilimpenda sana. Nasema hivyo mapema ili nitakayomsema baadaye yasionekane ni ya chuki.

Asiyejua bwawa la mchanga hulidhani ni wazimu. Unatafuta mto wa msimu, ule unaojaa siku chache za mvua na kubaki njia kavu miezi iliyosalia, unajenga ukuta wa mawe na saruji juu ya mwamba kutoka ukingo hadi ukingo, halafu unangoja. Mafuriko yanakuja na mchanga, mchanga unanasa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga ambako jua haliyafikii. Unachimba kidogo tu unachota maji safi katikati ya kiangazi. Lakini ukuta haujai kwa mvua moja. Unahitaji mvua tatu, pengine nne, na kati ya mvua na mvua kuna kiangazi ambacho nyuma ya ukuta hakuna kitu ila tope lililopasuka. Hilo ndilo lililomshinda Kilonzo kulieleza. Alikwenda kwenye vikundi vya kina mama akachora kwa kijiti chini, na kina mama wakamuuliza kwa heshima zote kwa nini wabebe mawe miezi mitatu ili kuhifadhi mchanga, ilhali mchanga umejaa tele. Akarudi ofisini siku moja amechoka, akaniuliza, "Mutheu, hiyo mashine yako inaweza kuonyesha mtu mto ikijaa?" Nikasema inaweza. Katika umri ule nilisema kila kitu kinawezekana.

Mwezi wa Mei tulienda Kivaa kupima mto, tukalala huko siku nne. Mimi nilipewa kitanda kwa Susu Kalekye. Susu kwetu ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo, hata wasiokuwa wa ukoo wake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye umri wa miaka sabini hivi, aliyekaa peke yake katika nyumba ya vyumba viwili ya matofali ya udongo, na kati ya vyumba hivyo ukuta haukufika juu, kwa hivyo ukikohoa huku, pole ilitoka kule. Maji aliyachota mtoni mbali, kwenye mashimo ya mchangani, kupitia njia ya mteremko yenye kokoto. Siku ya kwanza nilimsindikiza nikarudi nikihema, dumu la lita tano mkononi, naye akiwa na la ishirini mgongoni, kamba ikimkaza kipaji cha uso. "Hii njia nimeijua tangu niolewe," aliniambia tulipopumzika, "lakini sasa miguu imekataa. Kioko ameniambia nihamie kwake." Kioko alikuwa mwanawe, mfanyakazi wa kiwanda cha saruji kule Athi River, na alikuwa amemtengea mama yake chumba chenye mfereji mlangoni. Angekuja kumchukua mwezi wa Agosti, akipata likizo. Kalekye hakutaka kwenda na hakuwa na njia ya kubaki. Mbuzi wake, mbaazi zake, kaburi la mumewe mbele ya mlango wa jikoni, vyote vilikuwa pale. "Kule nitakuwa naangalia ukuta ya jirani," akasema. Kisha akacheka kidogo, akanisukuma tuondoke kabla jua halijawa kali. Kwa hiyo nilijua. Kabla sijachora picha hata moja, nilijua kuna mtu anayepima maisha yake kwa umbali wa maji.

Tuliporudi ofisini nikaanza kazi. Programu yangu ilikuwa ndogo na ilijua jambo moja tu, kuchora. Niliipa vipimo vya Kilonzo, kina cha mwamba, urefu wa ukuta, mchanga kiasi gani huletwa na mafuriko ya kawaida, nayo ikapiga hesabu na kutoa picha ya mto ukitazamwa kwa ubavu, halafu picha nyingine iliyosogea kidogo, halafu nyingine, kila moja faili lake, kila moja na namba yake. Sinema haikuijua. Ili picha ziwe sinema ilibidi kuita programu nyingine ya bure, isiyo na dirisha wala kitufe, unayoiandikia amri kwenye skrini nyeusi, nayo inaokota picha moja moja kwa mpangilio, inazibana na kuzishona kuwa video ya picha ishirini na tano kwa sekunde. Kilonzo aliipa jina la "fundi wa nje," kwa kuwa haikuwa ya kwetu, tuliiita tu ije ifanye kazi iondoke. Fundi huyo alikuwa na masharti. Mara ya kwanza alikataa kazi nzima kwa sababu urefu wa picha zangu ulikuwa namba witiri, yeye anataka shufwa. Mara ya pili nilimpa picha bila kuweka sifuri mbele ya namba, naye akazipanga kama kamusi, ya kwanza, ya kumi, ya mia, ndipo ya pili, na mchanga ukawa unaruka juu na kushuka. Kilonzo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Hii mto iko na wazimu," akasema. Nami nikacheka, nikaongeza sifuri, nikamwamuru fundi afuate namba moja baada ya nyingine.

Mpango wetu ulikuwa mvua nne na viangazi vinne, kila msimu nusu dakika. Hizo ni picha elfu sita, na mashine ile ilichukua dakika nzima kuchora moja. Nilianza na mvua, kwa kuwa ndiko mambo yalikotendeka, nikifuatisha na kiangazi cha mwisho, kile ambacho bwawa limejaa na mwanamke anachota maji safi mchangani. Viangazi vitatu vya katikati niliviacha viwe vya mwisho. Wiki ya mkutano wa kuwaonyesha kina mama sinema hiyo, Kilonzo akatangulia Kivaa kuweka alama kwenye mwamba, akaniacha nimalize. Jumatano stima ikapotea mjini. Alhamisi ikarudi kidogo, ikapotea tena. Ijumaa mchana nilikuwa na mvua zangu zote nne na kiangazi kimoja, na gari la kunichukua lilikuwa linakuja saa kumi na moja. Nikamwita fundi hivyo hivyo. Akashona mvua ya kwanza, akafika mahali namba zilipokatika, akasimama. Video ya nusu dakika, mvua moja, basi. Nakumbuka nilivyoitazama ile skrini. Fundi hakuwa na akili, lakini alisimama mahali panapostahili, pale ambapo kulikuwa na kitu kinachokosekana. Nami nikaandika mistari mitano ya kubadilisha majina ya mafaili ili namba zishikane, picha ya mwisho ya mvua ya kwanza ifuatwe na picha ya kwanza ya mvua ya pili. Nilijiambia kwamba kiangazi hakina kitu, mchanga umelala tu, mtu atapoteza nini asipokiona. Mimi, mzaliwa wa Ukambani, niliyekulia kwenye foleni za madumu, niliketi kwenye kiti nikasema kiangazi hakina kitu. Fundi hakulalamika tena. Alimaliza kwa dakika chache, nikabeba video ya dakika mbili na nusu nikashuka ngazi.

Mkutano ulikuwa Jumamosi mchana katika darasa la shule ya msingi. Tulifunika madirisha kwa blanketi na magunia, jenereta likinguruma nje, na shuka jeupe likatundikwa mbele ya ubao. Kina mama walijaa mpaka wakakaa juu ya madawati, vyondo magotini, na Susu Kalekye alikuwa mstari wa mbele. Kilonzo alisimama na fimbo ya kuonyeshea, tayari kueleza, kwa kuwa wengi wa wazee hawakusoma na tulikubaliana maneno yawe ya mdomo. Video ikaanza. Mto mkavu, ukuta, wingu, kisha maji ya kahawia yakaja na mchanga ukaanza kupanda nyuma ya ukuta. Ukapanda, ukapanda, ukapanda bila kupumzika, na nilimwona Kilonzo akinyanyua fimbo mahali ambapo kiangazi cha kwanza kingekuwa, akaishusha. Akaninyanyulia macho. Mchanga ukafika juu, jua likawaka, na mwanamke wangu mdogo wa rangi ya bluu akachota maji. Darasa zima lilipasuka kwa vigelegele. "Rudisha!" wakapiga kelele, na nikarudisha mara tatu. "Mvua moja tu!" mama mmoja akamwambia mwenzake. "Hii ya Novemba!" Kilonzo akasema, "Kina mama, hizo ni mvua nyingi, si moja," akasema tena, lakini alikuwa anasema na migongo ya watu, maana walikuwa wamesimama wakiimba. Kalekye hakuimba. Alikuwa ameketi, mikono juu ya mapaja, anatazama shuka ambalo sasa halikuwa na kitu, na alikuwa anatabasamu.

Tulipanda gari na Kilonzo, tukavuka mto. "Kiangazi iko wapi?" akaniuliza. Nikamweleza mambo ya stima. Hakunifokea. Akasema, "Tutawaeleza pole pole. Wacha wajenge kwanza." Na Jumatatu yake, watu waliofika kwenye mwethya, ile kazi ya pamoja ambayo kwetu kila nyumba hutoa mtu, walikuwa wengi kuliko alivyowahi kuona katika miaka yake yote ya kazi. Kila mama alikuja na jembe lake, wengine na mabinti zao. Nadhani hapo ndipo "pole pole" ilipokufa. Nimejaribu kumlaumu Kilonzo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, na lawama haikai. Yeye alikuwa na ukuta wa kujenga na alijua utajaa siku moja. Ni mimi niliyezishikanisha namba.

Agosti nilitumwa Kivaa kuandika orodha za mwethya, nikalala tena kwa Kalekye. Jumapili moja baada ya ibada, nikiwa nimejilaza chumbani mwangu na kichwa kinaniuma, nikasikia gari uani, halafu sauti ya mwanamume. Alikuwa Kioko. Nilisikia kikombe kikiwekwa mezani, nikasikia salamu ndefu, habari za watoto, habari za vumbi la saruji. Kisha Kioko akasema, "Mwaitu, nguo ziko tayari?" Mwaitu kwetu ni kusema "mama yangu."

"Siendi," akasema Kalekye.

"Tuliongea, si tuliongea?"

"Tuliongea kabla ya maji. Maji inakuja hapa chini, karibu na mti ya Mutua. Hata mtoto angeenda na mguu moja."

"Nani amesema?"

"Hakuna mtu amesema. Nimeona na macho yangu. Mvua ya Novemba ikinyesha, Desemba nachota. Ni miezi nne, Kioko. Miezi nne siwezi kushindwa."

"Mwaitu, hiyo ni sinema. Sinema inatengenezwa na watu."

"Imetengenezwa na Mutheu," akasema, na kulikuwa na fahari katika sauti yake iliyonifanya nifumbe macho. "Mutheu analala hapa. Anakula kwangu."

Ukuta ule haukufika juu, nimeshasema. Ningesema neno moja kutoka kitandani wangenisikia. Ningesema si mvua moja, Susu, ni nne, na Kioko yuko hapa na gari. Nilikuwa na nafasi ya kuhesabu mpaka mia, kwa kuwa walinyamaza wote wawili na Kioko alikuwa anavuta chai kwa sauti. Nilifikiria Kilonzo, nikafikiria mwethya wa kesho, na zaidi ya yote nikafikiria uso wa Kalekye ukibadilika akinitazama. Nikajigeuza nikatazama ukutani. Kioko aliondoka jioni na gunia la mbaazi badala ya mama yake. Kalekye akaja mlangoni kuniuliza kama kichwa kimepoa, akaniletea uji wa wimbi ulioongezwa ndimu, akakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka nikaumaliza. Nimekula vyakula vingi vizuri tangu wakati huo, na hakuna kilichonipita kooni kwa shida kama ule uji.

Ukuta ulimalizika Oktoba. Novemba mvua ikanyesha vizuri, mto ukashuka kwa hasira, ukuta ukasimama. Tulishangilia sote. Nyuma yake kukabaki dimbwi la tope na tabaka jembamba la mchanga, kama inavyopaswa kuwa baada ya mvua ya kwanza, na kufikia katikati ya Januari dimbwi lilikuwa limekauka. Kina mama walimuuliza Kilonzo, naye akawaeleza wakati huo, kwamba mwenye subira asikate tamaa, kwamba ni mvua tatu au nne, na wao wakanung'unika wakarudi kwenye mashimo yao ya mbali. Hawakutukana mtu. Wengi wao walikuwa na miguu mizima na mabinti wa kutuma, na walichopoteza ni matumaini ya mwaka mmoja. Bwawa lile lilijaa baada ya mvua ya nne, na mpaka leo linatoa maji. Ndiyo maana kwenye mazishi walipiga makofi, na hawakukosea kupiga. Mtu mmoja tu alikuwa amepanga maisha yake kwa kuhesabu mvua moja. Februari, jua likiwa kali, akirudi kutoka mashimo ya mbali na dumu lake la lita ishirini, Susu Kalekye aliteleza kwenye kokoto za mteremko akavunjika nyonga. Alilala pale, maji yakimwagika kando yake, mpaka wachungaji wakamkuta.

Kilonzo aliniambia ofisini, akiwa amesimama mlangoni. Hakukaa. Nilisubiri ashuke, kisha nikawasha mashine nikaiagiza ichore viangazi vitatu. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonijia. Pengine kwa sababu ndicho kitu pekee nilichojua kufanya. Ilichora siku mbili, picha baada ya picha zisizo na tofauti, tope likipasuka polepole kuliko jicho linavyoweza kuona, na mara hii stima haikupotea hata dakika. Nikazirudishia picha zote namba zake za haki, elfu sita kamili, nikamwita fundi. Alipita mahali alipowahi kusimama bila kusita. Nikaazima kompyuta ya kupakata ya shirika nikaenda Kivaa.

Nilimkuta ametoka hospitali, amelazwa chumba cha mbele, na Kioko yuko nje na majirani wanatengeneza nafasi kwenye pikapu. Kalekye alikuwa amepungua, lakini macho yalikuwa yale yale. Nilipiga magoti kando ya kitanda kwa kuwa hapakuwa na kiti.

"Susu, nimekuja kukuonyesha kitu."

"Ni ile ya maji?"

"Ni ile. Lakini hii ndiyo ya kweli. Ile ya kwanza, niliondoa kiangazi."

Alinitazama. "Uliondoa kiangazi," akasema, polepole, kama mtu anayejaribu neno la lugha ngeni.

Nikawasha. Mvua ya kwanza ikapita. Kisha kiangazi kikaingia, na skrini ikawa kahawia, na hakuna kilichosogea. Nusu dakika ya kutosogea kitu ni ndefu kuliko nilivyowahi kufikiri. Kioko aliingia, akasimama nyuma yangu, akatazama. "Imekwama?" akauliza. "Haijakwama," nikasema. "Ni kiangazi." Kalekye akatoa mkono ndani ya blanketi akagusa skrini kwa kidole.

"Sasa sisi tuko hapa?"

"Ndiyo, Susu. Hapa."

"Simamisha." Nikasimamisha. "Imebaki mvua ngapi?"

"Tatu. Na kiangazi mbili kama hii."

Alihesabu kwa vidole. "Siku ile ukituonyesha kule shule, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na siku Kioko alikuja na gari?"

"Nilijua. Nilikuwa hapo ndani, nimelala. Nilisikia yote."

Nilisikia Kioko akivuta pumzi nyuma yangu. Kalekye hakupandisha sauti. Alirudisha mkono ndani ya blanketi, akatazama paa.

"Ningejua," akasema, "ningeenda na Kioko ile Agosti. Ningetembea na miguu yangu mpaka kwa gari. Ningeaga watu." Akamtazama mwanawe. "Kioko, mpatie chai. Ametoka mbali."

Sikunywa, na hakuna aliyenilazimisha. Alifariki Athi River mwaka uliofuata, kabla ya mvua ya tatu, akaletwa kuzikwa kando ya mumewe, na mimi sikwenda. Lakini siku ile wanaume wanne walimnyanyua na godoro lake, wakampitisha mlangoni kwa ubavu, wakamlaza nyuma ya pikapu, naye akafunika uso kwa leso ili asitazamwe. Nilipogeuka nikaona ndala zake zimebaki chini ya kitanda, za plastiki, zimelika upande mmoja wa kisigino. Nikazichukua, nikazipangusa vumbi kwa sketi yangu, nikatoka nazo mbio. Kioko alikuwa anafunga mlango wa nyuma. Aliziona mkononi mwangu, akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hizo wacha," akasema.

Gari likaondoka, nikabaki uani na ndala za Susu mkononi.